Ya Kwanza, Daraja la Pili

Alikuja na mvua ya Machi, mabuti yana udongo wa Isyonje,
karatasi kaifunga kwenye mfuko wa mbolea,
mfuko ndani ya kanga, kanga ndani ya sweta.
"Kioo kizuri," akasema, "si kile cha kupasuka mlango ukigongwa."

Miaka kumi na tisa nakata mbao na vioo hapa Mwanjelwa.
Vyeti navijua kabla sijavisoma:
astashahada huletwa na vijana wanaotazama saa,
stashahada na manesi, wawili wawili, wanacheka,
uzamili huletwa na dereva, mwenyewe kabaki garini.
Uzamivu nimeuona mara mbili tu.
Mmoja aliniambia jina limetoka kwenye kuzama.
Nikawaza Ziwa Ngosi, yale maji ya kijani chini ya msitu,
sijasikia mtu aliyegusa chini yake.
"Miaka mingapi ulizama?" "Sita."
"Ukakuta nini?"
Akatazama vioo vyangu kwa muda,
akaomba risiti.

Huyu, Mama Tuntufye, alitaka nimsomee.
"Shahada ya kwanza," nikasema, "ya sayansi ya kilimo."
Akainua kidevu. "Kawa wa kwanza!"
"Hapana, mama. Ya kwanza kwa kuhesabu. Juu yake zipo nyingine."
"Haya. Na hapa?"
"Daraja la pili, kundi la juu."
Akaketi kwenye kigoda cha wateja.
"Ya kwanza, tena la pili, tena la juu.
Baba, mwanangu kafaulu au kafeli?"

"Kafaulu."
"Daraja ninalolijua mimi liko Kiwira,
jiwe tupu juu ya mto, halikujengwa na mtu.
Ukivuka umevuka.
Hakuna anayekuuliza umevuka wa ngapi."

Sikuwa na jibu. Nikachukua tepu, nikapima.

"Na hii shahada, ndiyo ile ya kushuhudia?"
"Ndiyo hiyo."
"Nani alishuhudia?"
Nikamwonyesha sahihi mbili, wino wa mashine.
"Hawa walimwona?"
"Siku ya mahafali. Kwa mbali. Katikati ya watu elfu mbili."

Nikamshauri tuweke kivuli kwenye fremu,
karatasi halisi abaki nayo binti,
maana wenye usaili hawapokei kitu chenye misumari.
"Kaitwa mara tatu," akasema. "Mara tatu karudi na nauli ya watu."
"Yuko wapi sasa?"
"Kibandani, anachambua viazi. Vya kwanza, vya pili, vya mbegu.
Vya mbegu ndivyo vidogo. Hivyo hatuuzi."

Kisha akaingiza mkono tena ndani ya sweta,
akatoa bunda la pili, limefungwa kwa mpira wa tairi:

magunia kumi na moja ya lumbesa, bei ya dalali;
ada ya muhula wa tatu, nusu;
nusu ya pili, wiki mbili baadaye, pamoja na faini;
barua ya bodi ya mikopo, asilimia arobaini, imekunjwa mara nane;
risiti ya hospitali ya Igogwe, siku tisa wodini,
mwezi ule alimwambia binti kwenye simu
kwamba mtandao haushiki kule shambani.

"Hizi ziweke nyuma yake, kabla hujapiga ubao."
"Hazitaonekana, mama."
"Shahidi si lazima aonekane. Awepo tu siku akiitwa."

Nikamwambia elfu kumi na nane. Akasema kumi na mbili,
akasema pia mbao hizi za msindano wa Makete anazijua,
zinapinda masika.
Tukafika kumi na nne na ahadi ya debe la viazi
ambalo mpaka leo sijaliona.

Kioo cha milimita tatu. Misumari kumi na miwili.
Nyuma, kwa penseli, nikaandika tarehe,
kama ninavyoandika kwenye kila fremu,
na chini yake, kitu ambacho sijawahi kufanya,
jina langu.